Jibu kwa dada anayejilaumu kwa kifo cha mama yake

Swali: Nina umri wa miaka 38, ni mama wa watoto watatu na nina duka dogo la vitenge mjini Tanga. Miaka miwili iliyopita mama yangu, ambaye tulikuwa tukiishi naye, aliamka akiwa mchovu. Nilipompelekea chai aliipokea kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, nami nikamtania: "Mama, leo mkono wa kulia umeupa likizo?" Alicheka, nikaona mdomo umekaa upande kidogo, nikadhani ni usingizi, nikaenda dukani. Niliporudi saa 8 mchana alikuwa hawezi kusema. Alifariki hospitalini siku ya tano, tukaambiwa ni kiharusi. Mdogo wangu anayefanya kazi Muscat hakuwahi maziko, na aliponipigia simu neno lake la kwanza lilikuwa: "Si wewe ndiye uliyekuwa naye?" Tangu hapo silali, nakirudia kile kikombe, na usiku namwamsha mume wangu nione kama anapumua. Watu wananiambia nimwachie Mungu, niyaamini maisha na njia yake, nijionee huruma. Je, kufanya hivyo si kuikimbia lawama ninayostahili?

Jibu: Dada yangu, pole sana. Wengi wanaoniandikia baada ya msiba huomba njia ya kusahau, nawe hukuomba hivyo. Umeuliza kama utulivu ni halali yako. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kubembelezwa, kwa hiyo niruhusu nilitazame kama ulivyoliuliza.

Jibu langu ni kwamba hutakuwa umekimbia chochote. Lawama hiyo, kwa namna unavyoiendesha usiku, haikuwajibishi kwa jambo lolote wala haimfikishii marehemu kitu. Kazi yake kubwa kwa miaka hii miwili imekuwa kukaa mahali ambapo huzuni ilipaswa kukaa. Kwa maoni yangu bado hujamwomboleza mama yako, kwa sababu kila unapotaka kumlilia unakuta kesi imekwisha kufunguliwa, wewe ukiwa mshitakiwa na wewe ukiwa mwendesha mashitaka, na hukumu haitoki ili watu waende nyumbani. Kuacha kupigana na nafsi yako kutakuondoa kwenye shauri hilo na kukurudisha msibani, na msibani ndipo penye uchungu halisi. Hiyo si njia ya mkato.

Tuanze na asubuhi yenyewe, maana huwezi kuambiwa uitue lawama ambayo hakuna aliyekaa nawe kuipima. Watu wa karibu hukimbilia kusema "huna kosa lolote" kabla hujamaliza kusimulia, na nadhani hiyo ni sababu moja ya maneno yao kutokukaa moyoni: unajua kwamba hawakusikiliza hadi mwisho. Ulijua nini asubuhi ile ulipompelekea chai? Ulijua kwamba mama ni mchovu, kwamba amepokea kikombe kwa mkono wa kushoto, na kwamba mdomo umekaa upande kidogo. Leo ukiyaweka mambo hayo matatu pamoja yanataja kiharusi waziwazi. Asubuhi ile hayakuwa pamoja. Yalikuwa yametawanyika katikati ya shughuli nyingine za nyumba yenye watoto watatu na mama mwenye duka la kufungua, na kila moja lilikuwa na maelezo yake ya kawaida: huenda ameulalia mkono, huenda hajachangamka bado.

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alichapisha majaribio ambayo mpaka leo hufundishwa vyuoni. Aliwapa watu masimulizi mafupi ya vita vya mwaka 1814 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepal, vita ambavyo wasomaji wale hawakuvijua, akawataka wakadirie uwezekano wa kila moja kati ya matokeo manne. Baadhi yao walidokezwa mapema kwamba tokeo fulani ndilo lililotukia. Waliodokezwa waliliona tokeo hilo kuwa la kutarajiwa zaidi tangu mwanzo kuliko walivyoliona wale ambao hawakudokezwa kitu, na hata walipoombwa wajibu kana kwamba hawajui mwisho wa habari, hawakuweza kuuondoa akilini ule ujuzi waliokwisha kupewa. Ikiwa mtu hawezi kujitoa katika mtego huo juu ya vita visivyomhusu, sioni namna ambavyo wewe ungejitoa juu ya mama yako bila msaada. Kila usiku unamhukumu mwanamke wa asubuhi kwa elimu aliyoipata saa 8 mchana.

Kuna jambo la kitabibu pia, ambalo huenda hakuna aliyepata nafasi ya kukueleza. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ambayo aghalabu ndiyo iliyo nyuma ya ule msemo wa "angewahi angepona", kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kabla ya kuitoa ni lazima mgonjwa apigwe CT scan ya kichwa ili ihakikishwe kwamba mshipa haukupasuka, kwa sababu kiharusi cha kuvuja damu huzidishwa na dawa hiyo hiyo. Mgonjwa akiamka tayari ana dalili, madaktari hawahesabu muda tangu alipoamka; wanahesabu tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima, na kwa mama yako hiyo ni jana yake usiku mlipoagana kwenda kulala. Kwa hesabu hiyo, hata kama ungempakia kwenye bajaji dakika ile ile ulipoona mkono, inaelekea muda wa dawa ulikuwa umekwisha kupita yeye akiwa usingizini, kabla hatujauliza kama dawa na mashine vilikuwa karibu, maana hospitali zenye vyote viwili katika nchi zetu ni chache.

Sikuelezi haya ili nikufutie kila kitu, kwani ungegundua ujanja huo na usingeniamini tena. Kuwahi hospitali kuna faida nyingine: shinikizo la damu hufuatiliwa, mgonjwa huangaliwa anavyomeza ili chakula kisiingie mapafuni, na matatizo yanayofuata kiharusi huonekana mapema. Huenda saa zile ulizokuwa dukani zingebadilisha jambo, na huenda zisingebadilisha. Hakuna daktari mkweli atakayechagua jibu moja kati ya hayo mawili na kuliapia. Unachopigana nacho usiku, kwa hiyo, ni kutokujua, na kutokujua hakushindwi kwa kufikiri zaidi. Mtu anaweza kukifikiria kile kikombe kwa miaka thelathini na asipate taarifa moja mpya ndani yake.

Sehemu yako ni ipi basi? Mimi ningeiandika hivi: "Niliona dalili ambayo sikuijua maana yake, nikaitania, nikaenda kazini." Sentensi hiyo ni ya kweli, inauma, na ina mipaka. Sentensi ambayo nafsi yako huisema usiku ni nyingine kabisa, na ni ya uongo. Ukiweza kuishika ile ya kwanza bila kuipunguza wala kuiongeza, utakuwa umebeba lawama yote unayostahili, wala hakuna atakayekudai zaidi.

Utaniuliza mbona wazo halikubali kutoka. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaketisha wanafunzi kwa dakika tano wakisema kila kinachowajia kichwani, kwa sharti moja tu, la kutokumfikiria dubu mweupe, nao wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia. Baadaye walipoambiwa kwamba sasa wana ruhusa ya kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao ambao hawakukatazwa mwanzoni. Kulifukuza wazo, kumbe, ni namna ya kuliitia wakati mwingine. Lakini wewe una njia nyingine ya kupigana ambayo naiona kuwa ya hatari zaidi kwa sababu inafanana na kutafakari: unabishana na kikombe kile mpaka adhana ya alfajiri. Susan Nolen-Hoeksema, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuichunguza tabia hii ya kuyazungusha mawazo, alionyesha kwamba watu wanaoikabili huzuni kwa kuchimbachimba sababu na maana yake hukaa nayo kwa muda mrefu zaidi na kwa ukali zaidi. Kutafakari hufika mahali, hata kama ni mahali pa uchungu. Ukijiona umerudi pale pale kwa mara ya arobaini, ujue hukuwa unatafakari.

Kwa hiyo ninakuomba ujaribu jambo la tatu, lisilo kufukuza wala kubishana. Wazo likija saa 8 za usiku, litambue kwa jina, sema kwa sauti ya chini, "Hili ni lile wazo la kikombe, limekuja tena." Usilijibu. Angalia limekushika wapi mwilini, mara nyingi ni kooni au kifuani, kisha acha pumzi itoke polepole kuliko ilivyoingia, na uendelee hivyo kwa muda. Lisipoondoka si kitu, kwa sababu lengo si kuliondoa. Lengo ni wewe kukaa chumba kimoja nalo bila vita. Steven Hayes na wenzake, walioanza katika miaka ya 1980 kuijenga tiba inayomfundisha mtu kukubali kilichomo moyoni huku akitenda anachokithamini, waliliweka jambo hili katika msingi wa kazi yao. Mwanzoni utaona kama unafanya mchezo wa kitoto. Endelea tu. Na ukikaa macho kwa muda unaokaribia dakika ishirini, toka kitandani, ukae sebuleni kwenye mwanga hafifu mpaka usingizi urudi, ili kitanda kisizoee kuwa mahali pa mashauri.

Mchana nako utenge nusu saa, tuseme baada ya alasiri kabla wateja wa jioni hawajaanza kuingia, iwe ndiyo saa ya mama. Wazo likija usiku, unaliambia kwamba lina saa yake kesho. Katika saa hiyo chukua daftari, uandike asubuhi ile kwa mpangilio wake, ukiandika tu yale uliyoyajua wakati huo, na kila unapojikuta umechomeka jambo ulilolijua baadaye, likate kwa mstari. Kazi hiyo inachosha kuliko inavyoonekana, na huenda ukahitaji siku kadhaa. Ukiimaliza, fungua ukurasa mpya na uandike habari za mama ambazo kikombe hakimo: alivyokuwa akipika, alivyokuwa akikukemea, nguo aliyoipenda, siku alipokuletea mtoto wako wa kwanza kifuani, ugomvi wenu ambao haukwisha. Angalia kilichotokea katika miaka hii miwili: mwanamke aliyeishi maisha marefu amepunguzwa akawa asubuhi moja, na aliyempunguza ni binti anayempenda. Kumwomboleza kutamrudishia yale mengine yote. Ukianza kulia mbele ya ukurasa huo, usiharakishe kujifuta.

Nije sasa kwenye huruma, maana ndipo hofu yako ilipo. Unadhani kwamba ukijionea huruma utakuwa umejipa msamaha wa bure. Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye maandishi yake ya mwaka 2003 yaliipa mada hii sura yake ya sasa, aliieleza huruma kwa nafsi kwa mambo matatu: kujitendea kwa upole mahali pa ukali, kutambua kwamba kukosea na kuteseka ni fungu la binadamu wote, na kuyatazama maumivu yalivyo bila kuyakuza wala kuyaficha. Hakuna hata moja linalosema ujione huna kosa. Jambo la tatu, kwa kweli, linadai ukweli zaidi kuliko kesi yako ya usiku, ambayo hukuza.

Na je, upole huwafanya watu wasijali? Mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliripoti majaribio ambamo wanafunzi waliofanya vibaya katika mtihani wa msamiati waligawanywa: wengine walielekezwa kulitazama tokeo lile kwa huruma, wengine walikumbushwa sifa zao nzuri, na wengine waliachwa hivyo hivyo. Walioelekezwa kwenye huruma ndio waliotumia muda mrefu zaidi kujiandaa kwa mtihani uliofuata. Najua msamiati na mama havilinganishwi. Ila ninachokiona mwenyewe katika chumba cha ushauri kinaelekea upande huo huo: anayejipiga kila usiku hana nguvu ya kurekebisha lolote asubuhi, na nyumba yake ndiyo hulipa.

Paul Gilbert, Mwingereza aliyebuni tiba iliyojengwa juu ya huruma, ameandika kwamba wapo watu ambao upole wenyewe huwatisha, hasa waliozoea kuonywa zaidi ya kutulizwa. Ukiwa mmoja wao, usianze kwa maneno matamu ambayo utayacheka. Anza na sauti. Fikiria mwenye duka la jirani amekuja kukaa kwenye stuli yako, amekusimulia habari hii hii neno kwa neno, ya mama yake na kikombe chake. Ungemjibu nini, na ungemjibu kwa sauti gani? Sidhani ungemwambia kwamba hana kosa lolote. Nadhani ungemwambia, "Shoga, ulijuaje?" kisha ungenyamaza, ukamshika mkono. Jiambie hayo mawili kwa sauti hiyo, ukinyamaza pale pale ambapo ungenyamaza kwa ajili yake.

Huruma ina mikono pia. Ikiwa sehemu yako ni ile sentensi moja niliyoiandika hapo juu, basi ina malipo yake yanayowezekana. Nenda kaburini au kaa kwenye mkeka wako, umwombe mama radhi kwa ule mzaha, kwa maneno yako mwenyewe, mara moja na kwa ukamilifu. Mwombee dua, mtolee sadaka kwa kadiri ya uwezo wako. Kisha ifanyie kazi elimu uliyoipata kwa gharama kubwa namna hii: duka lako huingiza wanawake kila siku, na wengi wao hawajui kwamba mdomo kupinda ghafla, mkono kukosa nguvu ghafla na maneno kuanza kukokoteka ni dalili za kumkimbiza mtu hospitali saa ile ile, hata kama hasikii maumivu yoyote. Hilo linaweza kusemwa wakati unapima kitenge.

Kuhusu wale wanaokuambia umwachie Mungu, sipendi kuwalaumu, maana wengi wao hawana neno jingine. Lakini neno hilo likisemwa mapema mno humfunga mfiwa mdomo, na nadhani ndicho kilichokupata. Mimi si mwanachuoni wala sitoi fatwa; nakukumbusha tu mambo uliyoyasikia madrasa. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume (S.A.W.) anahimiza mtu afanye bidii katika linalomfaa na amwombe Mungu msaada, kisha jambo likimfika asiseme lau ningefanya hivi ingekuwa hivi, kwa kuwa kufanya hivyo humfungulia shetani kazi yake. Tazama mpangilio: bidii imetangulia, kutua kumefuata. Na Mtume huyo huyo alipofiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim, alilia mbele ya masahaba zake, akasema kwamba jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Wasomaji wetu Wakristo watamkumbuka Yesu akilia katika msiba wa Lazaro, ingawa Injili ya Yohana inaonyesha kwamba alijua atakachofanya muda mfupi baadaye. Kumwachia Mungu, kwa mifano hiyo, hakukuwa mbadala wa machozi.

Ndiyo maana ningependa upate mtu wa kukaa nawe, kuliko mtu wa kukupa maneno. Huko Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na hatua moja ya kulikabili. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha watu 573 katika kliniki 24, lilionyesha kwamba miezi sita baadaye waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Utaratibu huo umefika hadi Malawi na Zanzibar. Ninaupenda kwa sababu unaheshimu kitu ambacho mitaa yetu inacho tayari. Pengine kuna shangazi au mama mkubwa aliyemjua mama yako tangu ujana, ambaye hujawahi kumsimulia asubuhi ile kwa ukamilifu kwa kuogopa sura yake. Mwendee. Mwombe asikilize hadi mwisho kabla ya kusema neno.

Limebaki la kuyaamini maisha, na hapa natofautiana na namna linavyosemwa kwa kawaida. Sitakuambia kwamba kila jambo lina sababu yake, wala kwamba mambo yatakwenda vizuri, kwa sababu wewe umeyaona yakienda vibaya. Kuyaamini maisha, kwa ninavyoelewa, ni kukubali kuendelea kuishi na watu unaowapenda huku ukijua kidogo tu, kama ulivyojua kidogo asubuhi ile na kama utakavyojua kidogo kesho. Mtu aliyefiwa ghafla hupoteza uwezo huo kwanza. Wewe umeupoteza, na ushahidi ni mumeo anayeamshwa usiku.

Tazama linavyofanya kazi jambo hilo. Unaamka na hofu, unamtikisa, unakuta anapumua, hofu inashuka, unapata nafuu ya muda mfupi. Ndani ya nafuu hiyo akili yako inajifunza kwamba hofu haishuki bila kumtikisa, na pengine hata kwamba amesalimika kwa sababu ulimtikisa. Usiku unaofuata unalazimika tena, na sharti linakua. Huwezi kujishawishi kwa hoja ukatoka humo. Njia ni kuiruhusu hofu ipande na kushuka yenyewe bila kuitii. Mweleze mumeo mpango huu mchana ili asishangae. Kisha wiki hii, hofu ikija, kaa dakika tano bila kumgusa. Utaona ni ndefu. Wiki ijayo zifanye kumi, kisha robo saa, mpaka usiku utakapokuwa umegeuka upande wa pili na kulala kabla muda haujatimia. Kuna usiku utakaoshindwa ukamtikisa. Usiufungulie kesi, endelea kesho yake ulipokuwa umefika.

Kuhusu mdogo wako, siwezi kuusoma moyo wa mtu aliye Muscat kwa sentensi moja ya simu. Ninajua tu kwamba maziko yetu hayasubiri, kwamba yeye ndiye ambaye hakuwa naye, na kwamba anayesema "si wewe ndiye uliyekuwa naye" mara nyingi anakuwa na swali jingine chini yake juu ya mahali alipokuwa mwenyewe. Hilo halilifanyi neno lake kuwa la haki. Lilikuwa la kuumiza, na una haki ya kumwambia hivyo. Ila ningekushauri usianze hapo. Mpigie siku ambayo hana zamu, umuulize alikuwa wapi alipopata habari, nani alikuwa naye, alifanya nini baada ya kukata simu. Inawezekana kwamba katika miaka miwili hakuna aliyemuuliza. Akikujibu, ndipo umsimulie asubuhi ile kama ulivyoiandika kwenye daftari, pamoja na mkono wa kushoto na mzaha wako. Akikataa kusikiliza, utakuwa umefanya sehemu yako, na sehemu yake itabaki kwake.

Mwisho, yapo mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyatosheleza. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unaitambua hali ya maombolezo yaliyorefuka, ambapo kwa muda wa zaidi ya miezi sita mtu amezongwa na marehemu au na mazingira ya kifo chake kiasi cha kuvuruga maisha yake ya kila siku, kupita desturi za jamii yake zinavyotarajia. Siwezi kukupima kwa barua, lakini miaka miwili ya kukosa usingizi inatosha kukufanya uende kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, ukaonane na mtaalamu ana kwa ana. Ikiwa yamewahi kukujia mawazo kwamba ni heri usiwepo, au kwamba ungemfuata mama, usisubiri miadi. Mwambie mumeo leo, na muende pamoja.

Ukiwa huko huko, omba upimwe presha. Shinikizo la juu la damu ndilo kisababishi kikubwa zaidi cha kiharusi kati ya vile vinavyoweza kudhibitiwa, huweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili, na mtoto wa aliyepata kiharusi ana sababu zaidi ya kulifuatilia. Kipimo chake ni cha dakika chache na hata zahanati nyingi wanacho. Ukikutwa nayo juu, watairudia siku nyingine kabla ya kuamua, kwa sababu hofu na usiku usio na usingizi navyo huipandisha; na wakikuandikia dawa, utazimeza kila siku, hata siku ambazo unajisikia mzima kabisa.